Mkono wa Muuguzi: Uganda na Miaka ya Mwanzo ya UKIMWI



Katika mfululizo huu wa nchi jirani tumezoea kufuata marais, mipaka na vita. Leo nakualika wodini. Wodi ni chumba kirefu cha hospitali chenye vitanda vingi, na historia ya taifa hupita humo kama inavyopita bungeni, ila humo husemwa kwa sauti ya chini. Tunakwenda Uganda, na swali letu ni moja: wauguzi, wakunga na madaktari wa nchi hiyo waliwatazama vipi wagonjwa wenye Virusi vya UKIMWI tangu ugonjwa huo ulipoingia, na ni nini kilichobadili mtazamo wao?

Nianze na mtu aliyeziona wodi mbili za nchi mbili katika muda mfupi. Noerine Kaleeba alikuwa mkuu wa shule ya fiziotherapia katika Hospitali ya Mulago, jijini Kampala. Fiziotherapia ni tiba ya viungo kwa mazoezi na kukandwa. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa kazi ya kugusa watu. Mwaka 1986 mumewe, Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza katika mji wa Hull, aliugua sana, na vipimo vikaonyesha kwamba ana UKIMWI. Mkewe alisafiri kwenda kumuuguza. Huko aliwakuta wahudumu waliomkaribia mgonjwa bila kusitasita, wakamgusa, na wakapata muda wa kumsikiliza yeye mkewe pia. Baadaye Christopher alirudishwa nyumbani, akalazwa Mulago, katika hospitali ileile ambayo mkewe alikuwa mtumishi wake. Hapo mambo yalikuwa mengine. Hofu ilikuwa imetanda, na wahudumu wengine waliona heri wakae mbali na kitanda kile. Christopher alifariki Januari 1987.

Ni rahisi kukigeuza kisa hiki kiwe hadithi ya Wazungu wema na Waafrika wakatili. Kukisoma hivyo ni kukosea. Katika Uingereza na Marekani za miaka hiyohiyo walikuwako wahudumu walioacha sahani za chakula mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, na wagonjwa waliokufa bila kushikwa mkono na mtu asiyevaa glavu. Basi badala ya kuuliza nani alikuwa na roho nzuri, tuulize kila muuguzi alikuwa na nini mkononi.

Muuguzi wa Hull alikuwa na glavu, yaani mipira ya kuvaa mikononi, na alizitumia mara moja na kuzitupa. Alikuwa na maji ya bomba, shuka za kubadilisha, wagonjwa wachache wa kuwahudumia, na mshahara uliomfikisha mwisho wa mwezi. Mwenzake wa Mulago alikuwa amerithi magofu. Jengo kubwa la Mulago lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru, likawa fahari ya tiba katika Afrika Mashariki. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin kuanzia mwaka 1971, Waasia wakafukuzwa mwaka 1972, madaktari wengi wakakimbia, ikaja vita ya mwaka 1979 kati ya Uganda na Tanzania, halafu vita ya msituni iliyomwingiza Yoweri Museveni madarakani Januari 1986. Muuguzi aliyebaki baada ya hayo yote alifanya kazi kwa mshahara usiotosha chakula. Sindano zilichemshwa na kutumika tena. Glavu zilikuwa adimu, na mara nyingi aliyezinunua ni jamaa ya mgonjwa, katika duka la nje ya lango. Mtu wa namna hii alipoambiwa kwamba kuna ugonjwa mpya uuao bila dawa, na kwamba unapitia katika damu, alikuwa na sababu ya kurudi nyuma hatua moja.

Tusimame kidogo kwenye neno. Kiswahili kina kitenzi kunyanyapaa, maana yake kumwonea mtu kinyaa na kujitenga naye kama kwamba anachafua. Kutokana nacho tumepata nomino unyanyapaa, ambayo leo utaikuta katika kila bango la afya kuanzia Mombasa hadi Kigoma. Angalia kwamba neno hili halisemi hofu. Mtu anayeogopa anaweza bado kukuheshimu, lakini anayenyanyapaa amekwisha kukuondoa katika orodha ya watu. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba katika wodi za Uganda mambo haya mawili yalichanganyika, na waliofanikiwa kuyabadili walikuwa wale walioyatenganisha.

Ugonjwa wenyewe ulianza kuonekana katika fukwe za Ziwa Viktoria, wilayani Rakai, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kasensero, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na mpaka wa Tanzania, ndicho kinachotajwa zaidi. Watu waliuita Slim, yaani wembamba, kwa kuwa mgonjwa alikonda hadi nguo zikamwelea. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyouzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Unaona jinsi lugha inavyofanya kazi: pande zote mbili zilihitaji jina kabla ya kuwa na maelezo, na majina yote mawili yalielekeza kidole kwa mtu fulani, ama aliyekonda, ama aliyevaa kitambaa. Wengi waliamini kwamba ni uchawi, hasa deni la biashara ya magendo lililolipizwa. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda, akiwemo David Serwadda na Nelson Sewankambo, pamoja na wenzao wa Uingereza, walichapisha katika jarida la The Lancet makala iliyouhusisha ugonjwa wa Slim na virusi vilivyokuwa vimegunduliwa Ulaya na Marekani. Tangu hapo daktari wa Masaka hakuweza tena kusema hajui ni nini.

Lakini kujua hakukumsaidia sana, kwa kuwa hakuwa na dawa. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, wanahistoria wengi hupita haraka mno. Fikiria kazi ya tabibu aliyefunzwa kuponya, naye kila asubuhi anapita kati ya vitanda vya watu wa rika lake ambao hatamponya hata mmoja. Anachoweza kutibu ni magonjwa nyemelezi, yaani yale yanayovizia mwili uliopungukiwa na kinga: kifua kikuu, kuhara, utando mweupe mdomoni, mkanda wa jeshi. Baada ya muda wahudumu wengine waliacha hata kuyatibu hayo. Maneno ya kukata tamaa yalikuwa mafupi: huyu atakufa tu, dawa ziwekewe mwingine. Hakuna kinyaa ndani ya sentensi hiyo, wala hasira. Hata hivyo iliwanyima wagonjwa miezi na pengine miaka ya maisha, kwa sababu kifua kikuu cha mtu mwenye virusi hivyo kinatibika.

Katika hali hiyo Noerine Kaleeba, mjane na mama, alirudi Mulago akiwa mfanyakazi mwenye jambo la kusema kwa wafanyakazi wenzake. Mwaka 1987 yeye na wenzake walianzisha shirika lililoitwa TASO. Waanzilishi walikuwa 16, na wengi wao walikuwa na virusi wenyewe. Walikutana kwanza ili kufarijiana. Kisha wakafungua huduma palepale Mulago, na vituo vingine vikafuata, kikiwemo cha Masaka. Mambo waliyoyafanya yanaonekana madogo. Waliwaita waliofika kwao wateja, si wagonjwa. Walimkaribisha kila mtu kwa salamu ndefu ya Kiganda, ile ya kuulizana habari za nyumbani hadi mwisho. Walikunywa naye chai. Waliwafundisha wahudumu unasihi, yaani ustadi wa kumsikiliza mtu na kumsaidia afikie uamuzi wake mwenyewe, badala ya kumhubiria.

Kaulimbiu yao ilihusu kuishi na UKIMWI kwa moyo mkunjufu, na ilivuka mpaka. Kwa Kiswahili tuliipata katika usemi kuishi kwa matumaini. Dar es Salaam, mwaka 1989, Theresa Kaijage alianzisha shirika la WAMATA, ambalo jina lake ni kifupi cha Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Mwanafunzi wa Kiswahili atapenda kujua kwamba jina hilo linabeba neno AIDS la Kiingereza ndani yake. Neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ndilo lililokuja kutawala baadaye. Tuliazima pia hofu za majirani, bila shaka, lakini mara hii tuliazima na namna ya kuzikabili.

Wakati huohuo hospitali za misheni zilikabiliwa na tatizo la hesabu tu: vitanda havikutosha. Nsambya, jijini Kampala, chini ya Sista Miriam Duggan, na Kitovu, karibu na Masaka, ambako Sista Ursula Sharpe aliongoza kazi hiyo, zilianza mwaka 1987 kuwapeleka wauguzi majumbani kwa wagonjwa. Gari liliondoka asubuhi likiwa na sanduku la dawa za maumivu, za kuhara na za ngozi. Nadhani safari hizi zilibadili mitazamo kuliko semina zote. Wodini mgonjwa ni kitanda chenye namba. Nyumbani muuguzi aliketishwa mkekani, akaona shamba la migomba lililokosa mtu wa kulipalilia, akaona nyanya aliyebaki na wajukuu watano, akakuta kwamba mtu wanayemwita Slim alikuwa mwalimu au fundi cherehani na kwamba bado ana utani. Ni vigumu kumnyanyapaa mtu baada ya kula ndizi zake.

Sasa nataka turudi kwenye hofu, kwa sababu hatujaitendea haki. Hofu ya muuguzi haikuwa upuuzi mtupu. Kaskazini mwa nchi, Gulu, katika Hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, alikuwako daktari mpasuaji kutoka Kanada, Lucille Teasdale, aliyefika Uganda mwaka 1961 na kuijenga hospitali hiyo pamoja na mumewe Piero Corti. Katika miaka ya vita aliwapasua majeruhi wengi mno. Vipande vya mifupa iliyovunjwa na risasi vilimchoma vidole kupitia glavu. Mwaka 1985 vipimo vilionyesha kwamba ana virusi. Hakuondoka. Aliendelea kuwahudumia wagonjwa kwa miaka mingi kadiri nguvu zilivyomruhusu, na alifariki mwaka 1996. Kwa hiyo muuguzi wa Gulu aliyeogopa damu alikuwa na mfano mbele ya macho yake, na mfano huohuo ulimwonyesha pia kwamba mtu mwenye virusi anaweza kuvaa koti jeupe na kuponya watu.

Vipimo vya wataalamu vinatuambia kwamba mhudumu akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Ni mdogo sana, na ni mdogo kuliko ule wa homa ya ini aina ya B kwa asiyechanjwa. Lakini takwimu hizo zilihesabiwa kwa mchomo mmoja. Muuguzi wa wodi isiyo na sanduku la kutupia sindano, anayechomwa mara kwa mara kwa miaka kumi, hakufarijika nazo. Wala kuuosha mkono na kumgusa mgonjwa begani hakuna hatari yoyote. Hapo ndipo hofu ilipovuka mpaka wake na kuwa kinyaa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wahudumu walilisema mara chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika baadhi ya kliniki za wajawazito za Kampala, karibu wanawake 30 kati ya kila 100 walikutwa na virusi. Wauguzi na wakunga wengi walikuwa wanawake wa umri uleule, wa mitaa ileile, walioolewa na wanaume walewale. Mkunga aliyemfokea mjamzito kwa kuwa na virusi huenda alikuwa akijifokea mwenyewe, kwa kuwa hajapima na hathubutu kupima. Mtu husema vibaya juu ya maji anayohofia kuzama ndani yake. Ndiyo maana sijawahi kuamini kwamba ukali wa wakunga wa wakati ule ulitokana na kukosa elimu peke yake. Walijua, na kujua kwao ndiko kulikowaogopesha.

Chumba cha kujifungulia kilikuwa mahali pagumu kuliko pote. Kuzaa kuna damu nyingi na kuna haraka, na mtoto hangoji glavu ziletwe. Mama aliyekuja bila glavu zake katika mfuko aliweza kukaripiwa, na kama kadi yake ilikuwa na alama ya siri ambayo kila mhudumu aliielewa, aliweza kuachwa ajisaidie mwenyewe hadi dakika ya mwisho. Wanawake walilijua hilo. Wengine walichagua kuzalia nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi asiye na glavu wala dawa. Kwa njia hiyo sauti kali ya mhudumu mmoja iliweza kumfikia mtoto ambaye hajazaliwa.

Badiliko lilikuja kutoka Mulago tena. Utafiti uliofanyika hapo na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba dozi moja ya dawa iitwayo nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na nyingine kwa mtoto mara baada ya kuzaliwa, ilipunguza maambukizi kwa karibu nusu, ikilinganishwa na dawa ya zamani iliyotumika kwa muda mfupi. Tafakari maana ya jambo hili kwa mkunga. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kutoa. Swali la kama mama ana virusi, ambalo hapo awali liliishia katika minong'ono, sasa liliishia katika kidonge.

Kisha dawa za kupunguza makali zikafika. Zilikuwapo duniani tangu mwaka 1996, lakini kwa bei ya maelfu ya dola kwa mtu mmoja kwa mwaka. Dkt. Peter Mugyenyi, aliyeongoza kituo cha utafiti cha JCRC jijini Kampala, alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza Afrika kuagiza dawa za bei nafuu kutoka kampuni ya Cipla ya India, akibishana na maofisa kuhusu haki za hataza. Tangu mwaka 2004, kwa fedha za mpango wa Marekani uitwao PEPFAR na za Mfuko wa Dunia, dawa zilianza kutolewa bure. Madaktari hawakutosha, hivyo wauguzi wakapewa majukumu yaliyokuwa ya madaktari, na watu wenye virusi wakaajiriwa kliniki kuwapokea wageni, kuwahesabia vidonge na kuwaelekeza. Mtu aliyeletwa mwaka 2004 kwa machela alionekana mwaka 2005 akiendesha baiskeli. Wahudumu walioshuhudia hayo hawakuhitaji kuhubiriwa.

Usidhani kwamba unyanyapaa ulitoweka. Ulibadili mavazi. Siku maalumu ya kliniki, benchi la peke yake, faili la rangi tofauti: mambo yaliyopangwa kwa nia ya kurahisisha kazi yalimtangaza mgonjwa kwa kila apitaye. Na mhudumu mwenye virusi mara nyingi aliona afadhali apande basi aende wilaya nyingine kuchukua dawa zake, asije akapanga foleni mbele ya wenzake wa kazi.

Januari 2014 jambo hilo lilitoka hadharani kwa namna ya kikatili. Muuguzi mmoja wa Kampala, mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, alikuwa akimtafutia mtoto mshipa wa kumchoma sindano. Mtoto alirusharusha mikono, na sindano ikamchoma muuguzi kidole. Alifunga jeraha lake, akarudi kuendelea na kazi. Mama wa mtoto alishuku kwamba sindano ni ileile, akalalamika, na ikabainika kwamba muuguzi alikuwa na virusi na anatumia dawa. Kwanza alishtakiwa kwa kujaribu kuua. Picha yake ilisambazwa, na magazeti yakamwita muuguzi muuaji kabla ya hakimu kusikiliza neno lolote. Baadaye shtaka lilibadilishwa likawa la uzembe unaoweza kueneza ugonjwa, na mwezi Mei akahukumiwa kifungo cha miaka 3.

Mwezi Julai mwaka huohuo Rais alitia saini sheria mpya ya kuzuia UKIMWI. Iliifanya kosa la jinai hatua ya kumwambukiza mtu kwa makusudi, na ilimruhusu daktari, katika mazingira fulani, kumwarifu mwenzi wa mgonjwa bila ridhaa ya mgonjwa. Mashirika ya watu wanaoishi na virusi yaliipinga, yakisema kwamba watu wataogopa kupima, na wauguzi nao walikuwa na sababu ya kuisoma kwa makini, kwa kuwa sasa walijua kwamba yule aliye kitandani na yule aliyeshika sindano wanaweza kusimama katika kizimba kimoja.

Muuguzi yule alikata rufaa. Novemba 2014 Mahakama Kuu iliona kwamba muda aliokwisha kukaa gerezani unatosha, akaachiwa huru. Mtoto alipopimwa, hakukutwa na virusi.